Kizibo cha Sufuria

Gereji ya Fundi Masele,
Buhongwa, Mwanza.
Jumatatu, baada ya chai.

Kwako Baba,

Shikamoo. Na Mama naye mpe shikamoo yake, kisha umwambie aache kazi zake akae karibu, maana barua hii ni ndefu na miwani yako naijua, mguu wake mmoja umefungwa uzi. Mimi mwanenu sijambo kabisa. Nakula, nalala, nafanya kazi, na siku ya Sabato kanisani naenda hata kama Mama haamini. Sijui ninyi huko Rorya. Kifua chako kimetulia? Yule mbuzi mweupe ameshazaa? Na mtama mwaka huu umenusurika na ndege?

Usishangae kuletewa barua kama vile tuko enzi za babu. Simu ningepiga, lakini tangu masikio yako yaanze kugoma, kukupigia simu ni sawa na kutangaza sokoni. Mara ya mwisho nilikuuliza habari za kifua, majirani watatu wakanijibu kabla yako. Haya ya leo sitaki yajibiwe na jirani.

Kwanza nikuombe radhi kwa jambo dogo, ili lile kubwa likija likukute umeshazoea kunisamehe. Josephat alipopita hapa mwezi wa pili akitoka huko kwenu alinipa agizo lako kwamba boti iliyolala Kigongo iuzwe kwa watu wa vyuma chakavu, na kwamba hutaki kuisikia ikitajwa tena. Agizo lako nililitii nusu. Wanunuzi walikuja kweli kutoka Mkolani, na mizani yao na nyundo kubwa. Wakaigonga ubavuni, wakasema alumini yake ni safi sana, itatoa masufuria ya kutosha mtaa mzima. Mmoja alipoinua nyundo ili aipasue, ienee kwenye gari lao, nilimwambia aishushe. Akasema ameambiwa mwenye mali ameshakubali. Nikamjibu kwamba mwenye mali yuko mbali na mimi ndiye niko karibu. Waliondoka wakinung'unika kuwa mabinti wa siku hizi hawana adabu, na huenda wamesema kweli.

Kwa hiyo Sufuria yako ipo, Baba. Naiita hivyo kwa sababu ndivyo Kigongo nzima ilivyoiita tangu siku uliyoinunua kwa wale watu wa mradi wa samaki. Mwalo mzima ulikuwa na mitumbwi ya mbao imepangwa mchangani, yako peke yake ilikuwa ya alumini, na ndani iling'aa kama imetoka kusuguliwa kwa majivu. Niliomba fuso ya mteja mmoja iliyokuwa inarudi tupu, tukaipakia watu sita, na sasa iko nyuma ya gereji yetu hapa Buhongwa, juu ya mapipa manne.

Fundi Masele alipoiona alicheka mpaka akashika kiuno. Akaniuliza kama nimechoka kupaka magari sasa nataka kupaka meli. Lakini Masele unavyomsikia siyo anavyotenda. Alinipa nafasi ya uwanja, akanipa kompresa yake siku za Jumapili, na akasema kazi ni yangu, nisimwite mpaka nikwame. Sikumwita sana. Baba, mwanao siku hizi ni fundi rangi wa kuaminika. Nilipoanza hapa walikuwa wananipa kazi ya kuosha brashi. Leo kuna wateja wanaofika getini wakiuliza kama Adoyo yupo, na wakiambiwa hayupo wanageuza gari. Nakwambia haya siyo kwa majivuno. Au tuseme ni kwa majivuno kidogo.

Kabla sijafika kwenye kazi yenyewe, lazima nirudi kwenye siku ile, ingawa najua huipendi. Ni mwaka ule ziwa lilipopanda mpaka kwenye vibanda vya mama ntilie. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita. Ulikuwa umebeba abiria kumi na mmoja kuvuka kwenda Busisi, katikati ya safari maji yakaanza kupanda miguuni mwao, wakayakumba kwa beseni na kwa viatu, na hayakupungua. Nestory alikuja mbio na mtumbwi wake akawapokea wote. Hakufa mtu, Mungu ashukuriwe, lakini injini ilizama na jina lako likaenda nayo.

Kila mtu alijua desturi yako. Boti ikilala mchangani, asubuhi ulikuwa unafungua kile kizibo cha nyuma, maji yaliyoingia yatoke, kisha unakirudisha na kukikaza kwa spana kabla ya kuishusha ziwani. Asubuhi ile abiria walikuwa wanakuharakisha. Kamati ya mwalo ilipokuuliza kama kizibo ulikirudisha, ukajibu kwamba hukumbuki. Neno hilo moja ndilo lililokumaliza. Nestory, rafiki yako wa kula naye sahani moja, akasema mbele ya wote kwamba mtu asiyekumbuka kizibo hafai kubeba roho za watu. Boti ilikokotwa mpaka ukingoni, sehemu ya nyuma ikazama kwenye tope, na wewe ukafunga mizigo wiki ile ile bila hata kwenda kuitazama. Mama aliniambia kwamba hapo nyumbani hata kiti chako umekigeuza, unakaa ukiangalia zizi na ziwa umelipa mgongo. Miaka sita, Baba, unaangalia zizi.

Sasa nisikilize. Boti ya alumini haipakwi rangi kama gari, wala kama mtumbwi. Kwanza inaoshwa kwa sabuni ya unga mpaka mafuta na utelezi vyote vitoke. Halafu unachuna rangi ya zamani. Nilikuta ngozi tatu: kijani yako juu, chini yake nyeupe yako ya mwanzo, na chini kabisa bluu ya wale wa mradi na namba yao. Brashi ya waya hairuhusiwi, kwa sababu inaacha chembe za chuma ndani ya alumini. Ni msasa na mkono tu, na mkono wenyewe kufika jioni unakuwa siyo wako.

Siku ya tatu nilifika nyuma. Tope lilikuwa limekauka gumu kama matofali, ikabidi niliponde kwa kipande cha mbao nikilimwagia maji. Nilitaka kuliona tundu la kizibo ili nitafute kizibo kipya dukani. Tope likadondoka bonge zima, na chini yake sikuona tundu. Niliona kizibo.

Baba, kilikuwepo. Kilikuwa kimerudishwa mahali pake na kukazwa, na alama ya spana yako iko juu ya kichwa chake. Nilijaribu kukifungua kwa mkono, wapi. Niliweka mafuta, nikasubiri, nikatumia spana na uzito wangu wote, kikasogea robo mzunguko tu. Mtu hawezi kukikaza hivyo chini ya tope baada ya boti kukokotwa. Wewe ulikikaza asubuhi ile, kama ulivyokikaza kila asubuhi, ila mikono yako ilifanya bila kukuuliza ndiyo maana hukukumbuka. Nilikaa chini kwenye yale maji machafu nikalia kwa sauti, mpaka Masele akaja na nyundo akidhani nimeumia.

Nilikiacha hivyo hivyo, nikampigia Nestory. Nilimwambia aje Buhongwa, na kwamba akitaka nauli nitamtumia. Akaja siku ya pili yake, amevaa shati lake la kanisani. Sasa hivi hana tena mtumbwi. Tangu daraja la kwenda Busisi lianze kupitisha magari hakuna anayevushwa kwa kasia, anauza samaki wa kukaanga pale stendi. Akakiinamia kizibo, akajaribu kukifungua kwa vidole vyake mwenyewe, akashindwa. Akavua kofia. Lakini Nestory ni Nestory. Akauliza, kama kizibo kilikuwepo, maji yaliingilia wapi, maana boti haijitoboi yenyewe.

Nikaona swali ni la haki. Tukaijaza boti maji ndoo kwa ndoo, tukapita chini yake na chaki. Ribiti tatu za ubavuni, zile pini zinazoshika mabati, zilikuwa zinatoa jasho tu. Lakini mbele, tumboni ambako msasa wangu ulikuwa haujafika, chini ya lile sanduku la kukalia lililofungwa kwa bolti, maji yalimwagika kama bomba. Nestory akatikisa kichwa. Akasema kwa upole, lakini akasema, kwamba basi wewe, Orwa, hukukagua sehemu ya mbele, na kwa mwenye kubeba watu kutokukagua na kusahau ni kitu kimoja. Akavaa kofia yake akaenda.

Jibu lilinijia kesho yake, na lilikuja kupitia kwa Masele bila yeye kujua. Jirani mmoja alikuwa amenipa bure kopo la rangi nyekundu, ile ya kupaka meli matumboni ili majani yasiote. Nilikuwa nimeshalifungua. Masele akasoma maandishi yake, akalifunga upesi kama mtu aliyeona nyoka ndani. Akaniambia rangi ile ina shaba, na alumini na shaba hazikai nyumba moja. Ukiziweka pamoja penye maji, akasema, shaba inabaki nzima na alumini ndiyo inayoliwa, taratibu, mwaka baada ya mwaka, mpaka itoboke. Nilimshukuru. Kisha nikaenda kukaa peke yangu nyuma ya choo cha gereji.

Baba, hapa ndipo lilipo lile jambo kubwa. Kama Mama ndiye anayekusomea, mwambie asiruke mstari.

Unaikumbuka bangili ya shaba ya Dani, mama yako? Ile aliyovaa tangu ujana wake, aliyosema kuwa ilimlinda babu ziwani. Ulipoinunua Sufuria alitaka uivae. Ukamkatalia mbele ya wageni, ukasema boti yako inalindwa na Mungu na siyo na vyuma vya mkononi. Lakini siku aliyokuja kututembelea Kigongo kwa mara ya mwisho, nilipokuwa na miaka kumi na miwili, aliniita jikoni, akaivua, akanipa. Aliniambia niifiche ndani ya boti, mahali ambapo baba hataiona, na nisimwambie hata Mama. Mkono wangu ulikuwa mwembamba. Niliupitisha kwenye ule mwanya wa pembeni ya sanduku la mbele, nikaisukuma mpaka chini kabisa, pale maji yanapotuama. Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Kila ulipoondoka na boti nilikuwa nasema moyoni kwamba mimi ndiye ninayekulinda.

Siku ile nilifungua bolti za sanduku mwenyewe, bila kumwita mtu. Bangili ilikuwa pale pale nilipoiacha, haina hata mkwaruzo. Chini yake alumini ilikuwa imegeuka unga mweupe, na kwenye unga ule kulikuwa na tundu ninaloweza kupitisha vidole viwili. Umbo la tundu lilifuata mviringo wa bangili. Kwa hiyo siyo wewe, Baba. Hukusahau kizibo, wala hukuzembea ukaguzi, kwa sababu pale palikuwa pamefungwa na hapakuwa na sababu ya kupafungua. Bati la mahali pengine popote ni zima mpaka leo. Aliyeitoboa boti ni mimi.

Na bado sijamaliza. Baada ya kuiona nilikaa kimya siku nane. Nilikata kiraka cha alumini, nikakipiga ribiti kwa ustadi wote nilio nao, nikakisawazisha kwa msasa, nikapuliza praima, ile rangi ya chini, nikapuliza rangi yenyewe. Ukipitisha kiganja huwezi kujua mahali penyewe. Hiyo ndiyo kazi yangu, Baba, kila siku nawafichia watu makosa yao kwa rangi na wananilipa. Nilijiambia kwamba tundu limezibwa, Dani ni marehemu, Nestory anauza samaki, nani ataumia? Lakini kila nilipopita pembeni ya boti jicho langu lilikwenda pale pale. Na nilijua nani anaumia. Ni wewe unayeangalia zizi.

Jumapili ya juma lililopita nilikwenda Kigongo. Nilimkuta Nestory na wazee wengine watatu wa ile kamati ya mwalo, wamekaa kwenye benchi mbele ya kikaango chake. Niliwaamkia, nikaiweka bangili juu ya meza ya samaki, nikawaeleza yote kama nilivyokueleza wewe, tangu jikoni kwa Dani mpaka kiraka. Nilipomaliza, mzee mmoja akasema hata yeye mtumbwi wake wa kwanza ulikuwa na kitu cha mama yake kimefichwa, ila Mungu alijalia ulikuwa wa mbao. Nestory aliishika bangili akaigeuza geuza. Akasema alikufukuza ziwani kwa kosa ambalo hukulifanya, na kwamba angekuwa na masikio yako karibu angekuomba radhi humo humo. Akaniomba niandike, nami nimeandika. Anasema akisikia umekanyaga Kigongo atakukaangia sangara mzima na hutatoa kitu.

Mimi nakuomba radhi yangu peke yangu. Nisamehe kwa bangili, ingawa nilikuwa mtoto. Nisamehe zaidi kwa zile siku nane, kwa sababu sikuwa mtoto. Na Dani tusimlaumu. Alikuwa na kitu kimoja tu cha thamani, akakitoa kwa ajili yako. Sikuitupa bangili yake. Iko kwenye sanduku langu, mbali na alumini yoyote, mpaka utakaponiambia la kufanya.

Sasa boti. Laiti ungeiona! Juu ni bluu ya asubuhi, mkanda mweupe ubavuni, na ndani nimeweka kijivu cha kupoa ili jua lisiwachome watu nyayo. Praima niliipuliza saa ile ile niliyomaliza msasa, kwa sababu alumini ukiiacha wazi hata nusu siku inaota ngozi na rangi haishiki. Nilipaka mara mbili, na kati ya mara hizo nilimkataza hata Masele kupita karibu na vumbi lake. Mbele nimeandika SUFURIA kwa herufi nyekundu. Usikasirike, ndilo jina lake.

Na kazi imeshaipata. Mama Bernadeta, yule aliyekuwa abiria wako siku ile, yeye na wenzake kanisani wana vizimba vya sato upande wa Kigongo na wanahitaji boti ya kupeleka chakula cha samaki asubuhi na jioni. Aliposikia habari alikuja kuipapasa ubavuni kama mtu anayechagua ng'ombe. Akasema boti wanaitaka, injini watafunga ya kwao, lakini hawaitaki bila mwenyewe. Nilimkumbusha kwamba alikuwa ndani siku maji yalipoingia. Akasema ndiyo maana anakutaka wewe, kwa sababu aliona ulivyowatoa watu wote kumi na mmoja ukawa wa mwisho kushuka. Hayo hukuwahi kutuambia.

Tunaishusha ziwani Jumapili baada ya ijayo. Nimeshaongea na mwenye fuso, na Nestory ameahidi watu wa kuibeba.

Mjomba Yeremia na watoto wake wasalimie, na wote wa kanisani. Mama mwambie kitenge chake nimekiona, nitamletea. Barua hii anaileta Josephat mkononi, na pamoja nayo kuna kifurushi kidogo nilichokifunga kwa gazeti. Ukifungue mwenyewe. Ndani yake kuna kile kizibo, na ile spana yako ndogo ya kukikazia, niliyoikuta chini ya kiti cha boti. Boti imekamilika kila mahali, Baba. Imebaki na tundu moja tu, na hilo sitaliziba mimi.

Oriti, Baba. Kwaheri.

Ni mimi mwanao,
Adoyo